Mifuko Niliyoileta kwa Furaha

Agosti 24
Nimerudi nyumbani, na safari hii sirudi tena kazini. Miaka ishirini na sita nimechapa maneno ya watu wengine: kadi za harusi, vitabu vya risiti, matangazo ya vifo, mitihani ya darasa la saba. Siku ya kuniaga, wenzangu wa kiwandani wamenipa daftari hili lenye jalada gumu, nikaapa kwamba nitaandika ya kwangu. Nimefika na masanduku mawili na mifuko miwili ya mbolea, kama kawaida yangu kila mwaka. Mke wangu ameipokea, amesema asante, ameipeleka stoo. Kisha amenitazama kuanzia viatu hadi kichwa, kama mtu anayekagua mzigo aliouagiza zamani.

"Sasa wewe ndiyo umekuja kabisa?"

"Kabisa."

"Haya. Basi kesho utachota maji."

Agosti 25
Nimechota maji. Mabega yanauma.

Agosti 29
Leo nimeshuka shamba la bondeni. Ni nusu ekari tuliyopewa na baba mkwe tulipooana, na miaka yote kule mjini nilikuwa nikiliwaza. Nikiwa nimesimama mbele ya mashine, wino hadi kwenye viwiko, nilikuwa nikiliona kichwani lina maharage yamefunga kama zulia. Nilichokikuta ni udongo umekaza, umepauka, magugu mafupi mafupi ya aina moja tu. Nimepiga jembe, likaruka. Nimemega bonge, nikaliponda mkononi. Halikuwa na harufu yoyote.

Jirani yetu alikuwa amesimama kule chini, anachota udongo wa pembeni na kuufinyanga kama anakanda unga. Huyu jina lake la kuzaliwa limesahaulika. Wote tunamwita Nusu Saa, kwa sababu ukimwita popote atakujibu "nakuja baada ya nusu saa", nawe utamwona keshokutwa. Kazi yake ni kufyatua matofali.

"Karibu nyumbani, kaka. Udongo mzuri sana huu."

"Mzuri kwa nini?"

"Kwa tofali. Shemeji hajakwambia? Msimu huu ndio wa mwisho. Mkishavuna, mimi naanza kuchimba."

Nimepanda hadi nyumbani bila kupumzika njiani. Nimemkuta mke wangu anapepeta. Nimemuuliza kama ni kweli. Hakuacha kupepeta.

"Mwaka juzi nilivuna debe tatu. Mwaka jana debe moja na nusu, na yenyewe yalikuwa yamesinyaa. Nimechoka kulilimia shamba lisilonijibu, baba watoto."

"Lakini shamba la baba yako!"

"Baba angekuwepo angechoka kabla yangu."

Mtu akichimba tofali pale, kinachobaki ni shimo na vyura. Simlaumu Nusu Saa. Ila sikustaafu ili nije kutazama shimo.

Septemba 2
Upepo. Vumbi kwenye chai.

Septemba 5
Amekuja bibi shamba, afisa kilimo wetu, niliyemwomba aje apime udongo. Ni binti mdogo kuliko binti yetu wa kwanza, anaendesha pikipiki na buti zake za mpira amezifunga nyuma kwa kamba. Ametuamkia, akakataa kiti, akaomba ndoo safi. Tumeshuka naye. Nilidhani atachota konzi moja aondoke. Kumbe anatembea kwa kupinda pinda kama mlevi shambani, kila hatua kadhaa anachimba kina cha kiganja na nusu, anakata kipande cha udongo, anatia kwenye ndoo. Mara kumi na tano. Kisha akauchanganya wote, akachukua kidogo kwenye mfuko, mwingine akaumwaga.

Mke wangu akamwambia, "Mwanangu, chukua na wa kule juu karibu na jikoni."

"Kuna nini huko, mama?"

"Hakuna kitu. Wewe chukua tu."

Kale kashamba ka jikoni ni kadogo, mistari minane ya mboga. Sikuelewa kwa nini tupoteze kipimo cha udongo kwenye mboga. Lakini mke wangu akisema "wewe chukua tu" kwa sauti ile, hata askari angechukua.

Septemba 6 hadi 17
Tumengoja. Nimetengeneza mlango wa choo. Nimekosana na mke wangu mara mbili kuhusu redio na mara moja kuhusu jinsi ninavyokunja shuka. Binti yetu, nesi, amepiga simu kuuliza kama tumeshazoeana. Mama yake amemjibu, "Bado tunapimana."

Septemba 19
Naandika kwa mkono mzito.

Bibi shamba amerudi na karatasi mbili. Tumekaa sebuleni, mimi kwenye benchi langu refu lenye godoro jembamba na kitambaa cha maua, ambalo tangu nije ndilo kiti changu, mke wangu mlangoni na kisu na viazi. Binti akaeleza kwa lugha nyepesi. Udongo una kipimo chake cha uchachu. Saba ni katikati. Ukishuka chini ya hapo udongo unachachuka, na maharage yanapenda sita au juu kidogo. Shamba la jikoni limesoma sita nukta mbili.

"Na la bondeni?"

"Nne nukta tano, mzee."

Akasema kwa kipimo hicho mizizi inaungua ncha, inakuwa mifupi na minene, haiendi chini kutafuta maji. Chakula kinaweza kuwepo udongoni lakini mmea hauwezi kukifikia, kama mtu aliyefungiwa nje ya jiko lake mwenyewe. Pia mboji imekwisha kabisa, ndiyo maana bonge halina harufu.

Kisha akauliza, "Mmekuwa mkitumia mbolea gani miaka yote?"

Mke wangu akadakia upesi, "Mchanganyiko tu, mwanangu. Hiki na kile."

Nikaona anajipunja sifa. Nikajinyoosha, nikasema kwa sauti ya mtu anayepokea cheti: "Hapana, hapana, mwambie! Ile nyeupe, inayofanana na sukari. Salfeti. Nimeileta mwenyewe miaka ishirini, mifuko miwili kila mwaka, sijakosa hata mwaka mmoja!"

Bibi shamba akaitazama karatasi yake. Mke wangu akatazama kuku nje. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Sasa, mzee," binti akasema taratibu, "ile si mbaya. Inakuza. Ila kila ukiiweka inaacha uchachu kidogo. Ikiwekwa hiyo hiyo kila mwaka, bila chokaa, bila samadi, na mabua yakichomwa..." Hakumalizia. Alikuwa na adabu nzuri.

Nimekaa na karatasi ile mkononi mpaka alipowasha pikipiki. Nimesahihisha makosa ya watu miaka ishirini na sita. Herufi moja iliyogeuka naiona kutoka upande wa pili wa chumba. La kwangu sikuliona.

Septemba 20
Sina la kuandika.

Septemba 22
Leo asubuhi kalamu imeniponyoka ikabingirika chini ya benchi. Nimeinama, nimenyanyua kitambaa cha maua ili niitoe. Hakuna mbao pale. Hakuna miguu. Ni mifuko. Mifuko minane ya mbolea, minne chini, minne juu, imepangwa kama tofali, haijafunguliwa. Nimeigonga kwa kidole, imekuwa migumu kama jiwe. Nimesoma maandishi ya juu. Ndiyo ile ile yangu. Ya miaka minne.

Mwezi mzima nimekuwa nikikaa juu yake, nakunywa chai na kuhutubia watu habari za kilimo.

Mke wangu aliingia akanikuta nimepiga magoti. Akajua. Akaketi sakafuni karibu yangu, jambo ambalo magoti yake hayalipendi.

"Uliacha lini?"

"Mwaka ule binti yetu alipoanza kazi."

"Na kila mwaka unaniambia kwenye simu, mbolea imefika, asante sana, maharage yamekubali."

"Imefika si ilikuwa imefika?"

Nilitaka kucheka na nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alianza kufuta vumbi kwenye mfuko mmoja kwa kiganja, kama anafuta uso wa mtoto.

"Wewe barua zako zilikuwa mistari mitatu. Wazima? Sisi wazima. Tutaonana likizo. Basi. Lakini mifuko hii ulikuwa unaibeba mwenyewe toka barabarani, jasho linakutoka, unaita kutoka mbali, 'Mama watoto, njoo uone!' Ningekwambia nini? Kwamba unachoniletea kinaniua shamba?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

"Mwaka wa kwanza nilitaka. Ukawa umekuja na homa. Wa pili ukawa umekuja na huo mfuko na koti jipya langu. Wa tatu nikaona nimeshachelewa. Mtu akinyamaza miaka miwili, wa tatu unakuwa uongo. Nikaona nitengeneze benchi."

"Benchi zuri," nikamwambia.

"Si umelipenda mwenyewe?"

Hapo ndipo tulipocheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba machozi yananitoka. Akanipangusa kwa upindo wa khanga yake, si kwa upole sana. Akasema, "Inuka, godoro linashika vumbi."

Septemba 24
Bado kuna jambo nililokuwa silijui kumhusu mwanamke huyu niliyemwoa miaka thelathini iliyopita.

Nimemuuliza alijuaje kuhusu mbolea kabla ya vipimo. Amenichukua hadi stoo, akafunga mlango tukiwa ndani, akanionyesha upande wa nyuma wa mlango huo. Mlango mzima umeandikwa kwa penseli. Miaka upande wa kushoto. Kisha safu: debe, mvua, magugu, minyoo. Kila mwanzo wa msimu alikuwa akichimba shimo moja pale bondeni, upana wa sinia, na kuhesabu minyoo ya udongo. Kumi na nne. Kumi na moja. Tisa. Sita. Mbili. Kisha mwaka mmoja ameandika "hakuna", na mwaka uliofuata "hakuna", na wa tatu hakuandika neno, ameweka mstari tu.

Upande wa pili ameandika ya shamba la jikoni. Huko alikuwa akitia samadi ya mbuzi, maganda, majivu kidogo na majani makavu, na mbolea yangu hakuitia hata kijiko. Minyoo ishirini na mbili.

"Nani alikufundisha?"

"Nani anifundishe? Nilikuwa na mashamba mawili na macho mawili."

Kule mjini nilikuwa nikiwaambia wenzangu, mke wangu yupo nyumbani ananingoja. Nimesimama mbele ya ule mlango nikaona aibu kwa neno lile. Hakuwa akingoja. Alikuwa kazini, na hesabu zake ni safi kuliko zangu.

Septemba 27
Nimekwenda dukani nikarudi na mfuko wa chokaa, najisikia shujaa. Mke wangu ameusoma. "Hii ni ya kupaka ukuta."

"Chokaa si chokaa?"

"Hii itakuunguza mikono na kuunguza mbegu. Tunataka ile ya kilimo, jiwe lililosagwa, halijachomwa. Bibi shamba alisema, ulikuwa unasinzia."

Basi nimepaka ukuta wa choo. Unapendeza.

Septemba 30
Chokaa yenyewe imeletwa leo: mifuko kumi, ya kijivu, mizito, inateremshwa barabarani. Tumeagizwa tuimwage wiki nne kabla ya kupanda na tuichanganye na udongo vizuri hadi kina cha kiganja na nusu. Na tusiichanganye na samadi siku moja, kwa sababu hapo nguvu ya samadi inapotea hewani. Samadi ingoje. Nimeandika yote. Sikusinzia.

Mke wangu amekubali tujaribu msimu huu mmoja. "Nimempa Nusu Saa neno langu," amesema. "Shamba likijibu, nitakwenda mwenyewe kumwomba anirudishie neno langu. Lisipojibu, usinililie."

Oktoba 3
Siku ya leo sitaisahau, na mgongo wangu pia hautaisahau.

Tulianza alfajiri. Nilimwambia mke wangu, hapa niachie mimi, kazi yangu yote ilikuwa kusambaza kitu sawasawa: wino ukizidi upande huu karatasi inachafuka, ukipungua upande ule haisomeki. Tukafunga kamba, tukaligawa shamba viboksi themanini, kila kiboksi robo tatu ya ndoo ndogo. Mimi nasambaza, yeye anafuata kwa reki. Tulifunga vitambaa puani. Kufika saa nne tulikuwa weupe wote wawili, nyusi nyeupe, nywele nyeupe.

"Umezeeka ghafla," akaniambia.

"Na wewe pia. Ila umependeza."

Akanirushia konzi ya chokaa. Mama wa watoto watu wazima.

Mpango ulikuwa Nusu Saa aje saa tano na ng'ombe wake wawili na jembe la kukokota, ageuze udongo tukishamaliza. Nilipompigia alisema, kama ilivyo desturi yake, "Baada ya nusu saa, kaka." Nikajua maana yake ni kesho, pengine Ijumaa. Sikujali. Mvua ilikuwa bado wiki mbili au tatu.

Saa saba mchana upepo uligeuka. Tulikuwa tumemaliza kusambaza, shamba zima limekuwa jeupe kama limetandikwa shuka. Mke wangu alinyanyua kichwa akanusa. Nyuma ya mlima kulikuwa na wingu jeusi, la chini, ambalo halikuwa na haki yoyote ya kuwepo mapema hivi.

"Ikinyesha sasa?" nikauliza.

Shamba lile lina mteremko. Chokaa ikiwa juu juu, mvua moja kubwa inaizoa yote na kuipeleka mtoni, na hatukuwa na njia ya kupata nyingine msimu huu. Mke wangu akashika jembe, akaanza kugeuza. Nami nikashika la pili. Nusu ekari, majembe mawili, watu wawili waliopita miaka hamsini. Tulilima kama watu wanaotafuta mtu aliyefukiwa. Baada ya mistari mitano nilikuwa naona nyota mchana. Upepo ukaanza kuichota chokaa, inapita mbele yetu kama moshi.

"Acha, mume wangu! Kaa chini! Utaniangukia hapa!"

"Sikai!"

"Kaa nasema!"

Ndipo nikasikia kengele. Nikageuka. Njiani, wanateremka kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwa ng'ombe, walikuwa wale ng'ombe wawili, na nyuma yao Nusu Saa amevua shati, anapiga miluzi. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiji hiki, amewahi.

Hakusalimia. Alitumbukiza jembe kwenye kona ya juu na kuanza kukata mistari ya kukingama na mteremko, ili maji yakija yakwame. Mke wangu alikamata kamba za ng'ombe akawa anawaongoza mbele, mimi nikafuata nyuma nikivunja mabonge. Ngurumo ya kwanza ilipiga tulipofika nusu. Matone yakaanza kwenye robo ya mwisho, makubwa, ya baridi, kila moja linatoboa tundu kwenye weupe. Mstari wa mwisho kabisa tuliumaliza mvua ikitupiga usoni, ng'ombe wanateleza, mke wangu anawaimbia kwa sauti ya ukali ili wasiogope.

Tukasimama chini ya kibanda cha Nusu Saa cha kukaushia tofali. Tofali zake mia tatu mbichi za jana zilikuwa nje, hazijafunikwa. Tulizitazama zikilainika, kona zinaanguka, zinarudi kuwa tope.

"Ulikuwa na nailoni ya kufunika," mke wangu akamwambia.

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Sasa nilikuwa huku, shemeji."

Nikamwambia, "Ndugu yangu, wewe ndiye unalitaka shamba hili. Umeliokoaje?"

Akapangusa maji usoni. "Kaka, mimi natafuta udongo. Sitafuti shemeji yangu alie."

Mke wangu hakuwa akilia. Lakini alikwenda kusimama upande mwingine wa kibanda, akakaa huko muda.

Oktoba 4
Kitandani. Mgongo. Ananikanda kwa mafuta ya moto na kunisema.

Oktoba 5
Kitandani. Tumekwenda (yaani amekwenda yeye) kumsaidia Nusu Saa kufyatua upya zile mia tatu. Amerudi na tope hadi masikioni, amefurahi.

Oktoba 26
Sasa ndiyo zamu ya samadi. Tumebeba ya mbuzi iliyooza vizuri, pamoja na lile rundo la majani na mabua ambalo mwaka jana lingechomwa. Nilikuwa nikimwamuru kwenye simu achome mabua, shamba lipendeze. Leo nimeyabeba mwenyewe kichwani.

Ile mifuko minane bado ipo sebuleni. Bibi shamba anasema siku moja tunaweza kutumia kidogo kidogo, udongo ukishapona. Mke wangu amesema udongo upone usipone, benchi libaki.

Novemba 1
Tumepanda.

Novemba 8
Yameota! Nimekimbia kumwita. Alikuwa ameshayaona tangu jana, aliniachia nidhani nimeyaona kwanza.

Novemba 17
Mvua imekata.

Novemba 20
Jua.

Novemba 23
Jua. Mke wangu haongei sana.

Novemba 27
Siku ya kumi bila tone. Majani yanalala mchana, yanainuka jioni. Tumetandaza nyasi kavu katikati ya mistari ili udongo usichomwe. Sikufika shamba zima, nyasi zimekwisha, na tayari tofauti inaonekana kwa macho: penye nyasi na samadi nyingi yamesimama, kwingine yamekunja majani kama watu wanaojificha kwa aibu.

Nusu Saa amepita. Hakusema lolote kuhusu tofali. Ameacha mizigo miwili ya nyasi za kuezekea mlangoni akaondoka.

Novemba 30
Nimemkuta ameketi bondeni peke yake, asubuhi, mikono mapajani. Nimekaa naye. Nikamwambia, kama ni basi, basi. Nimemwambia nitamsindikiza kwa Nusu Saa na sitalia.

Akang'oa mmea mmoja. Nilishtuka, katika hali hii kila mmea ni mali. Akaukung'uta, akaninyooshea. Mzizi ulikuwa mrefu kuanzia kiganja changu hadi karibu na kiwiko, mwembamba, mweupe, una nywele nyingi. Pembeni ulikuwa na vinundu vidogo. Akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

"Miaka sita sijaona hivi," akasema. "Ilikuwa inaishia hapa," akapima kidole kimoja. "Una kiu, lakini unashuka. Unatafuta. Mwache atafute."

Hakusema "uache". Alisema "mwache", kama anazungumzia mtu.

Desemba 3
Mvua. Tumesimama barazani kama watoto.

Desemba 4
Mvua.

Desemba 12
Maua.

Desemba 26
Binti yetu amekuja likizo. Ameketi kwenye benchi. Tumetazamana, mimi na mama yake. Akauliza, "Mnacheka nini?" Hatujamwambia.

Januari 29
Tumevuna na kupura siku tatu. Debe saba na kidogo. Si ajabu ya dunia. Kona ya juu imetoa vizuri mno, katikati wastani, na pale chini kabisa kwenye udongo wa kinamo hapakutoa kitu, maji yalituama. Bibi shamba amekuja na kutukumbusha kwamba chokaa haifanyi kazi kama dawa ya kichwa. Inakwenda polepole, mwaka wa pili na wa tatu ndio tutaona. Tupime tena kabla ya kuongeza, kwa sababu ikizidi nayo ni kosa. Nimeandika neno hilo na kulipigia mstari: ikizidi nayo ni kosa.

Jioni mke wangu amejifunga khanga safi, tumekwenda kwa Nusu Saa. Alitukaribisha, akatupa viti vya tofali.

"Nimekuja kuomba neno langu," mke wangu akasema.

"Nililijua tangu siku ya mvua, shemeji. Mtu haimbii ng'ombe vile kwa shamba analoliuza."

"Lakini ile pembe ya chini, penye kinamo, haina kazi kwetu. Chimba pale. Ila usivuke mti wa mpaka."

Akajikuna shingo. "Nitakuja kuipima baada ya nusu saa."

Hajaja.

Februari 2
Huu ni mwandiko wa mke. Mwenye daftari amevimba mkono wa kulia kwa kupura maharage kama anapigana na adui, nami nilimwambia apumzike, akasema mchapaji hapumziki. Sasa ananiamuru niandike asemayo.

Anasema niandike kwamba mavuno ni ya wastani. Nimeandika.

Anasema niandike kwamba miaka ishirini alikosea. Nimemwambia hilo siandiki. Miaka kumi na sita mbolea ile niliitia mwenyewe kwa mikono yangu, na minne iliyobaki nilinyamaza. Kama ni kosa, tugawane. Anasema daftari ni lake. Nimemwambia kalamu ninayo mimi. Amekubali shingo upande.

Basi naandika ya leo. Leo amepika yeye, kwa mkono wa kushoto, maharage ya bondeni, sufuria ya kwanza. Hakutaka nisogee jikoni. Alileta mezani huku anaita kutoka mbali, "Mama watoto, njoo uone!" Nikaonja. Alikuwa ametia chumvi mara mbili.

Akaniuliza, "Je?" Macho yake yanang'aa vile vile kama zamani.

Nilikaa na kile kijiko mdomoni kidogo. Nilijua ninavyoweza kumeza na kusema asante.

Nikamwambia, "Mume wangu, chumvi imezidi."

Akaonja. Akakunja uso. Akanyanyua sufuria, akarudi nayo jikoni kuongeza maji, na kutoka huko nikamsikia anacheka peke yake.